Kabla Hujatengeneza Filamu ya Kutisha kwa Fedha Kidogo

Mimi na wenzangu wanne tulipojaribu kutengeneza filamu fupi ya kutisha kule Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza, fedha zetu karibu zote ziliishia kwenye kukodi kamera na taa, na suala la sauti hatukulikumbuka kabisa. Tulipoketi kuhariri tukaona picha za kupendeza, yaani mawe makubwa yaliyoinamia maji, mtumbwi uliotelekezwa, na msichana anayetembea peke yake gizani. Masikioni, hata hivyo, tulipata upepo wa ziwani unaovuma kwenye maikrofoni na, kwa mbali, muziki wa baa. Dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mtazamaji wetu wa kwanza, aliuliza tu wimbo ule uliimbwa na nani.

Baadaye ndipo nilipoitazama Carnival of Souls, filamu ya Marekani ya mwaka 1962, na tangu siku hiyo kila anayeniomba ushauri ninamwambia aanze na hiyo: aitazame mara moja usiku, kisha mara ya pili mchana akiwa na daftari mkononi. Mwongozaji wake, Herk Harvey, alikuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza filamu za mafunzo na za viwanda huko Kansas. Aliipiga kwa wiki tatu hivi, kwa bajeti inayotajwa kuwa takribani dola 33,000, na yule mtu wa kutisha mwenye uso mweupe anayemwandama mhusika mkuu aliigizwa na Harvey mwenyewe.

Nguvu yake ya kwanza ni mahali. Harvey alipita kwa gari karibu na Saltair, jumba la starehe lililokuwa limeachwa tupu kando ya Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah, na hapo ndipo alipomwomba mwenzake, John Clifford, aandike kisa kitakachoishia na wafu wakicheza dansi ndani ya jumba hilo. Mahali palitangulia, kisa kikafuata. Wengi wetu hapa Mwanza tunafanya kinyume chake: tunaandika kisa kinachohitaji jumba la kifahari, halafu tunahangaika kutafuta fedha za kulikodi, ilhali ufukwe, mawe na maghala ya zamani vipo bure au kwa kuomba tu. Nenda mahali unapopataka, saa ileile utakayopigia picha, ukae kimya nusu saa kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Nguvu ya pili, ambayo kwangu inazidi ya kwanza, ni sauti. Muziki wote ni wa kinanda cha kanisani, kazi ya Gene Moore, na unafaa kwa sababu mhusika mkuu, Mary, ni mpiga kinanda. Kuna pahali anapokuwa dukani akijaribu nguo, na ghafla kila sauti inakatika. Anazungumza na wauzaji lakini hawamsikii wala hawamwoni, na anaposhika mti bustanini ndege wanaanza kulia na dunia inarudi. Hakuna damu wala ujanja wa kompyuta. Kwa gharama, kuondoa sauti ni karibu bure, ila lazima kwanza uwe na sauti safi ya kuondoa.

Udhaifu nao upo, na usiufumbie macho kwa mapenzi. Baadhi ya maneno yaliingizwa baadaye, hivyo midomo na sauti haviendi pamoja, na waigizaji wachache wanasema kama wanaosoma ubaoni. Hayo ninayasamehe, kwa kuwa ni umaskini. Nisichosamehe ni yule daktari anayekaa kumweleza Mary, na kutueleza sisi, maana ya kila kinachomtokea, kwa sababu kufuta maneno kwenye karatasi hakuhitaji mtaji. Mwisho nao unabashirika mapema: mwanzoni tu gari linatumbukia mtoni, na saa kadhaa baadaye Mary anatoka majini peke yake bila kueleza alivyopona.

Hapo ndipo mtazamaji wa Mwanza anapotofautiana na wa Kansas. Meli ya Mv Bukoba ilizama ziwani humu tarehe 21 Mei 1996, mamia wakafa maji, na makaburi yao yapo Igoma. Mzee aliyetuazima mtumbwi, alipopata habari kwamba katika kisa chetu maiti anatoka ziwani, aliniita kando akasema, "Mwanangu, mtumbwi chukueni, lakini hilo la maiti msilifanye mbele yangu." Nilimwitikia, "Sawa, mzee wangu," na usiku huohuo tukaifuta sehemu hiyo.

Tulirudi Igombe usiku usio na mwezi, tukiwa na kinasa sauti cha kuazima. Taa za wavuvi wa dagaa zilitanda ziwani kama mji mwingine, na tulirekodi vyura, injini ya mtumbwi inayofifia, na kitambo kirefu ambacho maji yenyewe hayakusikika. Safari hii dada yangu hakuuliza kuhusu wimbo. Alinyoosha mkono akawasha taa ya sebuleni.