Bingwa Mmoja Dhidi ya Watu 20: Nifanyeje Nisiaibike?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Klabu yetu ya sataranji hapa Jinja imemwalika bingwa kutoka Kampala aje kucheza na watu 20 kwa wakati mmoja, nami nimepewa ubao mmoja. Nimekulia kwenye mweso, mchezo wetu wa bao la mashimo, na sataranji nimejifunza ukubwani. Wenzangu wananishauri nibadilishane naye kete harakaharaka mpaka zibaki chache, eti hapo sare itapatikana kwa urahisi. Je, ushauri huo ni wa kufuata? Na je, kumwomba bingwa sare ni utovu wa adabu?
Msomaji, Jinja.

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo ungekufaa dhidi ya mchezaji wa kiwango chako, lakini mbele ya bingwa utakuponza, kwa sababu kete zikipungua ndipo ujuzi wake unapozidi kukuacha mbali. Chukua mfano huu: mfalme mweupe yuko e4 (herufi hutaja safu ya wima ya ubao, namba hutaja safu ya mlalo), askari wake yuko e3, na mfalme wako mweusi yuko e6, wala hakuna kete nyingine ubaoni. Ikiwa zamu ni ya bingwa, mchezo ni sare ukijibu sawasawa. Ikiwa zamu ni yako, umeshindwa. Bingwa huijua hali hiyo kwa kuitupia jicho tu, tangu kete zikiwa bado nyingi, naye atabadilishana nawe kwa hesabu ya kukufikisha hapo zamu ikiwa yako.

Silaha uliyo nayo ni muda, nao una tabia ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Tuseme bingwa anatumia sekunde 15 kwa kila ubao, pamoja na hatua za kuufikia ubao unaofuata. Kwa mbao 20, atarudi kwako baada ya dakika tano. Lakini wenzako wakianza kushindwa na kuondoka, mzunguko unafupika, na mkibaki wanne atakuwa mbele yako kila baada ya dakika moja, tena wakati huo ndipo mchezo wako umefikia pagumu. Kwa hiyo zile dakika tano za mwanzo usizitumie kutazama mbao za jirani. Zitumie kuweka mfalme wako mahali salama, kutoa farasi na maaskofu, na kujiuliza kila mara ni kete ipi isiyo na mlinzi, maana michezo mingi ya namna hii bingwa haishindi kwa maarifa ya ajabu, bali kwa kungoja mtu aache kete wazi.

Hapo ndipo mazoea ya mweso yanapohitaji kudhibitiwa. (Jambo la kufurahisha ni kwamba mweso una mashimo 32 na kete 64, ilhali sataranji ina kete 32 na miraba 64.) Mchezaji wa mweso husifiwa kwa kasi ya mkono, lakini katika mchezo huu wa bingwa na mbao 20 hakuna anayekuharakisha hadi bingwa asimame mbele yako. Afikapo, ndipo unapocheza, mbele ya macho yake, wala si kabla. Kusogeza kete ili kujaribu mawazo yako akiwa mbali hakuruhusiwi, na kunong’onezana na jirani ni hivyo hivyo. Ulizeni mapema kama mtaruhusiwa kumwomba apite mara chache bila ninyi kucheza, kwa kuwa jambo hilo hutegemea makubaliano na waandaaji.

Kwa kawaida bingwa huchukua kete nyeupe kwenye mbao zote, basi jiandae kwa nyeusi, kwa ufunguzi mmoja unaoufahamu vizuri, hata kama si wa kusisimua.

Matumaini yasiwe makubwa kupita kiasi. Mwaka 1922 mjini Cleveland, Marekani, José Raúl Capablanca, aliyekuwa bingwa wa dunia, alicheza kwenye mbao 103, akashinda 102 na kutoka sare mmoja tu. Hata hivyo, mwaka 1925 huko Leningrad, Capablanca huyohuyo alifungwa na kijana wa miaka 14 katika mchezo wa namna hiyo. Kijana huyo, Mikhail Botvinnik, baadaye naye akawa bingwa wa dunia. Nadhani wewe na mimi tunaweza kuridhika na kuwa miongoni mwa wanne wa mwisho.

Kuhusu sare, kuiomba si utovu wa adabu, mradi hali ya ubao iwe sawa kweli. Msubiri afike, cheza zamu yako, kisha omba kwa sauti ya chini. Akikataa, au akicheza bila kukujibu, usirudie ombi hilo kila azungukapo; ngoja hali ya ubao ibadilike.