Mzee kukwama kufikiri si uzee tu
Pole dadangu. Umesema babako anakumbuka watu wote lakini kutuma pesa kwa simu anakwama katikati, na siku hizi anaburuta miguu, na majirani hapo Umoja wanasema ni uzee. Mi sikubali. Inaweza kuwa mishipa midogo ya damu kwa ubongo, presha ya miaka mingi huifanya migumu na myembamba, damu inafika kidogo, na mara nyingi kinachoguswa mapema ni spidi ya kufikiri na kupanga mambo kuliko kumbukumbu. Mpeleke apimwe presha, sukari na kolesteroli, na umuulize daktari kuhusu sken ya MRI, ile ya kupiga picha ndani ya ubongo. Dawa za presha asiziruke hata akijiskia poa, tafadhali. Uso ukipinda ama mkono ulegee ghafla, usingoje asubuhi, mkimbize emajensi.