Jibu: Krioli ya Cabo Verde ni Kireno kibovu?

Hapana ndugu yangu, Krioli ya Cabo Verde, nchi ya visiwa magharibi mwa Afrika, si Kireno kibovu. Maneno mengi yametoka Kireno, ila ni lugha kamili yenye sarufi yake, na kila kisiwa kina lafudhi yake. Visiwa vile havikuwa na wakazi hadi Wareno walipoanzisha Ribeira Grande, kisiwani Santiago, mwaka 1462, wakaleta watumwa kutoka pwani ya Guinea. Mimi kinachonigusa zaidi ni panu di téra, kitambaa cha jadi cha huko: watumwa walifuma pamba iliyotiwa nili, vipande vyembamba vikashonwa pamoja kuwa kitambaa kimoja. Vitambaa hivyo hivyo vikatumika kama fedha ya kununulia watumwa wengine! Inauma sana. Ukitaka kuisikia Krioli yenyewe, anza na morna, yaani nyimbo za polepole zenye huzuni, za mwimbaji Cesária Évora wa mji wa Mindelo.