Maswali ya wasomaji: DAC, tivii na amplifaya ya zamani

Habari za kazi, wahariri. Tivii yetu mpya haina tundu la earphone wala yale matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Ninayo amplifaya ya zamani na spika zake mbili, bado zinapiga vizuri. Fundi kaniambia nitafute kidude kinachoitwa DAC. Kariakoo nimeona vya kila bei, kimoja kimeandikwa biti 32 na kHz 384. Nichukue kipi? Nataka na muziki wa simu upite humo humo.
Msomaji, Tabata

Jibu: Ndugu yetu, kabla ya kurudi Kariakoo igeuze tivii uiangalie mgongoni, maana tundu utakaloliona ndilo litakaloamua ununue nini. DAC ni kigeuzi. Kinapokea sauti ikiwa namba, kinaitoa ikiwa umeme unaopanda na kushuka, ambao ndio amplifaya yako inaouelewa. Ukiona kitundu cha mraba chenye kimlango na maandishi OPTICAL, umepona: karibu kila DAC ya mezani ina tundu hilo. Kama tivii ina HDMI ya ARC tu (ile inayoweza kutoa sauti ya tivii nje), ni lazima kifaa chenyewe kiwe kimeandikwa ARC. Usikubali kuambiwa kwamba HDMI yoyote itafaa.

Zile namba kubwa (biti ni undani wa kila kipimo cha sauti, kHz ni maelfu ya vipimo kwa sekunde) zisikupotezee hela. CD ni biti 16 na kHz 44.1, na tivii kwa kawaida hutoa kHz 48 kwenye optiko. Kutoka kwenye tivii, hiyo 384 haitafika kwenye kigeuzi chako hata siku moja. Tofauti ya bei iweke kwenye kitu utakachokishika kila jioni, yaani kitufe cha sauti chenye rimoti. Tivii nyingi hazipunguzi wala kuongeza sauti inayopita kwenye optiko. Utabonyeza rimoti ya tivii mpaka uchoke. Kama amplifaya yako ina rimoti yake, chukua DAC isiyo na kitufe cha sauti. Kama haina, chagua DAC yenye rimoti, la sivyo utakuwa unanyanyuka kwenye kochi kila tangazo likiingia.

Kwa ajili ya simu, hakikisha ina Bluetooth au tundu la USB la kupokea muziki. Hapa angalia vizuri, kwa sababu vidude vingi vya bei ndogo vina USB ya kuchukulia umeme peke yake.

Ukifika nyumbani, chomeka kwenye AUX, CD au TAPE, wala usiguse PHONO. Tundu la PHONO limetengenezwa kwa sindano ya santuri, inayotoa takriban milivolti 5. DAC ya mezani hutoa kama V 2, mara 400 zaidi. Sauti itapasuka na besi itavimba, halafu utalaumu kidude kisicho na kosa.

Nimenunua kidude hicho, nikaunganisha kwa waya wa optiko. Kimya. Nikiweka filamu, wakati mwingine zinatoka kelele za kukwaruza. Muuzaji anasema tivii ndiyo mbovu. Naombeni msaada.
Msomaji, Mbagala

Jibu: Pole, dada. Inaelekea hakuna kibovu hapo. DAC ya spika mbili inasoma sauti ya aina moja tu, PCM, yaani namba za sauti ambazo hazijafungwa. Tivii yako inatoa sauti iliyofungwa kwa Dolby, ile ya spika tano na sabufa. DAC haijui kuifungua, kwa hiyo ama inanyamaza ama inazisoma zile namba kama muziki, na hapo ndipo kukwaruza kunapotokea.

Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya tivii, tafuta sehemu ya sauti ya dijitali inayotoka. Utakuta imewekwa "Auto" au "Bitstream". Weka PCM. Kama king'amuzi chako kimeunganishwa moja kwa moja na DAC, badilisha kwenye menyu ya king'amuzi, kwa kuwa ya tivii haitakigusa. Kwa kawaida sauti hurudi papo hapo.

Isiporudi, chomoa waya uangalie ncha zake. Waya mpya huja na vifuniko vidogo vya plastiki angavu, na watu wengi huvichomeka hivyo hivyo bila kuviona. Vivue. Kisha washa tivii, utazame ile ncha ya upande wa DAC: ni lazima uone kijitaa chekundu. Ukikiona, tivii yako ni nzima na muuzaji amekosea. Wakati wa kuchomeka, linganisha umbo la ncha na la tundu ndipo usukume mpaka kusikika "tik". Usiukunje waya kwa kona kali nyuma ya kabati. Ndani yake unapita mwanga, na ukivunjika kwa ndani, kwa nje hutaona alama yoyote.

Midomo ya watangazaji ikitangulia au kuchelewa, kuna kipimo cha kuchelewesha sauti kwenye menyu hiyo hiyo. Anza na sifuri.

Spika zinavuma "mmmm" muda wote, hata muziki ukiwa umezimwa. Nikichomoa waya wa dishi, mvumo unakoma. Je, amplifaya imeharibika?
Msomaji, Kigamboni

Jibu: Hapana, na kipimo ulichofanya ndicho chenyewe. Gamba la chuma la waya wa dishi linaingiza umeme mdogo kwenye bodi ya tivii, unapita kwenye gamba la waya wa sauti hadi kwenye amplifaya, unarudi kwa ethi. Umeme wetu ni wa Hz 50, na huo ndio unaousikia. Waya wa optiko unakata njia hiyo kwa sababu mwanga haupitishi umeme.

Lakini kuna mtego. Wengi huweka optiko, halafu umeme wa DAC wanauchukua kwenye USB ya tivii. Hapo chuma kimeunganishwa tena kwa mlango wa nyuma, na mvumo unarudi. Tumia chaja ya simu, V 5 na ampia 1, iliyochomekwa ukutani.

Tunakusihi sana: asitokee mtu wa kukushauri kukata pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo utaondoka, lakini siku waya ukigusa bodi ya amplifaya, atakayeishika ndiye atakayekuwa ethi.

Nina DAC yenye Bluetooth na USB. Kwa muziki wa simu nitumie ipi, na bando litaisha haraka kiasi gani?
Msomaji, Sinza

Jibu: Bando kwanza. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula kama MB 144 kwa saa. Ukichagua ubora wa CD, hesabu takriban MB 400 kwa saa. Kwa hiyo kama unasikiliza kwa Bluetooth, baki kwenye 320: hata LDAC, iliyo kati ya mifumo mipana ya Bluetooth, inaishia kilobiti 990, wakati CD kamili ni 1411. Utalipia data ambayo inabanwa tena njiani.

Ubora wa CD utumie ukiwa na waya wa OTG, ule unaounganisha simu na vifaa vya USB. Simu nyingi za Android hubadilisha kila kitu kuwa kHz 48, kwa hiyo tafuta programu ya muziki inayoiachia DAC namba kama zilivyo. DAC iwe na umeme wake, maana tundu la simu litakuwa limeshikwa na huwezi kuchaji. Na uiweke simu kwenye hali ya Usinisumbue (Do Not Disturb), ili mlio wa meseji usitokee kwenye spika kubwa saa sita za usiku.