Maziwa ya Ufini yalitoka wapi?

SWALI: Nimesoma kwamba Ufini ina maziwa zaidi ya laki moja. Je, yalitokana na kupasuka kwa ardhi kama Ziwa Tanganyika letu? (Msomaji, Ujiji, Kigoma)

JIBU: Hapana. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, limo katika Bonde la Ufa, ambako ardhi ilitanuka na kudidimia kwa mamilioni ya miaka, ilhali maziwa ya Ufini, ambayo mengi yana kina kifupi mno kwa macho ya mvuvi wa Ujiji, ni kazi ya barafu. Katika enzi ya barafu iliyopita nchi hiyo yote ilifunikwa na barafu yenye unene wa kilomita 2 au zaidi, iliyojongea polepole ikikwangua udongo na kuchimba mwamba palipokuwa dhaifu. Ilipoyeyuka, maji yalijaa mashimoni. Kifusi chake kiliacha matuta marefu ya mchanga na kokoto, yakiwemo yale ya Salpausselkä, yaliyojengeka kusini miaka ipatayo 12,000 iliyopita. La ajabu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba ardhi iliyokandamizwa na uzito ule bado inainuka: karibu na mji wa Vaasa hupanda takriban milimita 8 hadi 9 kwa mwaka, na visiwa vipya vinaendelea kujitokeza baharini.