Kwa anayeanza kubishana kuhusu kura za MVP

Ukihamia mji wenye timu ya besiboli, hutakaa sana kabla hujavutwa kwenye ubishi huu. Hapa Seattle ulipamba moto mwaka 2025 na bado haujapoa. Cal Raleigh wa Mariners, timu ya hapa, ni mdakaji, yaani anayedaka mipira ya mrushaji nyuma ya mpigaji. Alipiga homurani 60, mapigo yanayoupeleka mpira nje ya uwanja, kisha akashindwa na Aaron Judge wa New York Yankees kwenye kura za MVP, tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika Ligi ya Amerika. Judge alipata alama 355, Raleigh 335. Kazini watu walinuniana. Nimewaona Waswahili wenzangu waliofika karibuni wakiingia kwenye mjadala kwa moyo mmoja, wakatoka wamenyamazishwa na mtu mwenye takwimu mbili tatu kichwani. Inaniuma, kwa sababu huhitaji kuzaliwa na mchezo huu ili uujadili vizuri. Unahitaji kujua kura zinapigwaje.

Anza na wapiga kura. Tuzo hii hutolewa na Chama cha Waandishi wa Besiboli cha Marekani, BBWAA kwa kifupi, tangu 1931. Ligi kuu zipo mbili, ya Amerika na ya Taifa, na kila moja ina MVP wake. Ndiyo maana nyota Shohei Ohtani, tangu ahamie Dodgers wa Ligi ya Taifa, hashindani tena na Judge kwenye tuzo hii. Kila ligi ina timu 15, na kila mji wa timu hutoa waandishi wawili wa kupiga kura, jumla 30. Tuliozoea Ballon d'Or hatushangai waandishi kupewa kazi hiyo, ila hawa wengi wao hufuata timu moja mwaka mzima, wanaingia chumba cha kubadilishia nguo kila siku na kuwajua wachezaji kwa karibu kuliko mwandishi anayetazama kutoka nchi nyingine.

Kila mmoja huandika majina 10 kwa mpangilio. Wa kwanza hupata alama 14, wa pili 9, wa tatu 8, halafu zinapungua moja moja hadi wa kumi anayepata 1. Na karatasi hurudishwa kabla mechi za mtoano hazijaanza, ingawa matokeo hutangazwa Novemba.

Hilo la mwisho lishike sana, maana ndilo linalowaangusha wengi. Mwaka 2025 Mariners walifika mchezo wa saba wa fainali ya ligi dhidi ya Toronto, na mji mzima ulikuwa haulali. Ukisema Raleigh alistahili kwa aliyoyafanya Oktoba, mwenzako atakujibu kwa sentensi moja tu na umekwisha. Kura zilikuwa zimeshafungwa. Vivyo hivyo ukisema "New York wamempa mtu wao", utaulizwa New York ina kura ngapi. Ni mbili kati ya 30, sawa na Seattle na sawa na Kansas City.

Sasa chukua kalamu, kwa kuwa hapa ndipo utamu ulipo. Mwaka huo Judge aliwekwa wa kwanza na waandishi 17, na Raleigh na 13. Zidisha 17 kwa 14 upate 238. Waandishi 13 waliobaki walimweka Judge wa pili, 13 kwa 9 ni 117. Jumla 355. Upande wa Raleigh, 13 kwa 14 ni 182, na 17 kwa 9 ni 153. Jumla 335. Maana yake hakuna hata mwandishi mmoja aliyemweka yeyote kati yao chini ya nafasi ya pili. Anayekuambia waandishi walimdharau Raleigh hajafanya hesabu hii. Na ona jambo jingine: kama waandishi wawili tu wangegeuza mpangilio wao, kila mmoja angekuwa na 345. Sare si ndoto, iliwahi kutokea. Mwaka 1979 kwenye Ligi ya Taifa, Keith Hernandez na Willie Stargell walipata alama 216 kila mmoja, na wote wawili wakatunukiwa.

Nakushauri ufanye hesabu hii kila Novemba kabla hujafungua mdomo. Tangu 2012 chama kinaweka hadharani nani alimpigia nani, kwa hiyo huna sababu ya kubishana gizani.

Baada ya hesabu ndipo uende kwenye swali kubwa la mjadala wote: thamani ni nini? Maelekezo yanayoambatana na karatasi ya kura yanasema waziwazi kwamba neno hilo halina tafsiri moja, na kila mpiga kura aamue mwenyewe. Yanamtaka aangalie mchango wa mchezaji kwa timu yake, yaani nguvu yake katika kupiga na kulinda, idadi ya michezo aliyocheza, pamoja na tabia, uaminifu na bidii. Pia yanasema mshindi si lazima atoke kwenye timu iliyofuzu. Kwa hiyo watu wawili wanaogombana kuhusu MVP mara nyingi hawajibu swali moja. Mmoja anauliza nani alicheza vizuri zaidi, mwingine anauliza timu ipi ingeanguka bila mtu wake. Kabla hujamrukia mwenzako, muulize anajibu swali lipi. Mimi nimeona ubishi wa saa nzima ukitulia kwa swali hilo peke yake.

Zamani jibu la waandishi lilielemea timu. Ted Williams wa Boston mwaka 1941 alikuwa na wastani wa kupiga wa .406, yaani pigo salama mara nne hivi katika kila majaribio kumi, na tangu hapo hakuna aliyemaliza msimu wa ligi hizi mbili akiwa amefika .400. MVP akapewa Joe DiMaggio wa Yankees, aliyekuwa amepiga mfululizo katika michezo 56, na timu yake ndiyo iliyochukua ligi. Mwaka uliofuata Williams aliongoza ligi kwa wastani, kwa homurani na kwa mikimbio iliyoletwa na mapigo yake, vyote vitatu kwa pamoja. Tuzo ikaenda kwa Joe Gordon, pia wa Yankees. Mwaka 1947 akaongoza tena kwa vyote vitatu, na DiMaggio akamshinda kwa alama 202 dhidi ya 201.

Simama hapo kwenye alama hiyo moja. Kuna mpiga kura ambaye hakumwandika Williams popote katika majina yake 10. Angemweka wa kumi, wangelingana. Angemweka wa tisa, Williams angeshinda. Ndiyo maana nawaambia wageni wasiishie kuhesabu kura za nafasi ya kwanza. Mwaka 1999 Pedro Martínez wa Boston, mrushaji aliyeshinda michezo 23 na kupoteza 4, alipata kura 8 za nafasi ya kwanza, na hakuna aliyepata nyingi kuliko yeye. Iván Rodríguez wa Texas alipata 7. Rodríguez ndiye aliyeshinda, 252 kwa 239, kwa sababu waandishi wawili walimwacha Martínez nje kabisa ya karatasi. Wangemweka hata wa nne tu, wote wawili, kombe lingekuwa lake. Kuna wanaoamini mrushaji, ambaye hachezi kila siku, hastahili MVP. Ni haki yao kuamini, ila sheria inasema warushaji wanastahili kupigiwa kura, na kumnyima mtu hata nafasi ya kumi kwa msimu ule kwangu ni kosa, wala sitalipunguzia ukali.

Hata kile kipengele cha tabia kina uzito wake. Mwaka 1995 Albert Belle wa Cleveland alipiga homurani 50 na mapigo ya besi mbili 52 katika msimu uliofupishwa hadi michezo 144. Akashindwa na Mo Vaughn wa Boston kwa alama 308 dhidi ya 300. Belle na waandishi walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na hilo lilijulikana na wote. Ukitaka kusema waandishi wana chuki binafsi, mfano wako ni huo. Usiutupe ovyo kwa kila aliyeshindwa.

Mwelekeo ulibadilika polepole. Mwaka 2012 ulikuwa wa moto: Miguel Cabrera wa Detroit aliongoza kwa vile vitatu, wa kwanza kufanya hivyo tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967, na Mike Trout wa Angels alimzidi kwa mbali kwenye WAR, takwimu ya thamani ya jumla ya mchezaji nitakayoieleza hapa chini. Cabrera akashinda kwa kura 22 za nafasi ya kwanza kati ya 28, maana wakati huo ligi ilikuwa na timu 14. Waliomtetea walisema timu yake ilifuzu na ya Trout haikufuzu, ilhali Angels walishinda michezo 89 na Detroit 88. Tofauti ilikuwa kanda walizochezea, kwa kuwa kila ligi imegawanywa katika kanda na anayeongoza kanda yake hufuzu. Miaka michache baadaye, 2021 na 2023, Ohtani alichaguliwa kwa kura zote 30 akiwa na timu iliyopoteza michezo mingi kuliko iliyoshinda. Kizazi cha waandishi kimebadilika.

Na WAR utaikuta kila kona, kwa hiyo ijue. Ni takwimu inayojaribu kujumlisha kupiga, kukimbia na kulinda, kisha kukadiria mchezaji ameiongezea timu michezo mingapi ya ushindi kuliko ambavyo angefanya mchezaji wa kawaida wa akiba. Ila si hesabu moja. Tovuti ya Baseball-Reference na ile ya FanGraphs kila moja inakokotoa kivyake. Kwa Judge na Raleigh, ya kwanza iliwatenganisha kwa zaidi ya ushindi mbili, ya pili kwa karibu moja. Tofauti kubwa inatokana na mdakaji. FanGraphs huhesabu jinsi mdakaji anavyoupokea kwa utulivu mpira unaopita pembeni kidogo ya eneo la kupigia, mkono hautikisiki, hadi mwamuzi anautangaza kuwa straiki, yaani mpira unaohesabiwa dhidi ya mpigaji. Baseball-Reference hawahesabu. Mtu akikutupia WAR, muulize ya nani, na kama ana nia njema mtaendelea vizuri.

Jambo moja la heshima. Kwa kuwa majina ya wapiga kura yako wazi, kuna mashabiki wanaowaandikia matusi, hata vitisho. Usijiunge nao. Mwandishi aliyeeleza sababu zake anaweza kupingwa kwa sababu.

Msimamo wangu mimi, ambao naujenga kila mwaka kwa njia hii hii, ni kwamba kura yangu ingekwenda kwa Raleigh. Judge alikuwa na wastani wa .331, bora kuliko wote katika ligi mbili, na homurani 53. Raleigh alikuwa na .247. Kwa fimbo peke yake Judge alimzidi, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya wenzangu wa Seattle. Lakini mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, anapanga na mrushaji kila mpira, anapigwa na mipira iliyopotoka, na kazi hiyo humchosha miguu na mikono kiasi kwamba wadakaji wengi hawatarajiwi kupiga sana. Kabla ya 2025 rekodi ya homurani za mtu ambaye kazi yake kuu ni hiyo ilikuwa 48, ya Salvador Perez mwaka 2021. Raleigh aliipita kwa 12, na Mariners wakachukua kanda yao kwa mara ya kwanza tangu 2001. Anayempigia Judge atanijibu kwamba ubora wa fimbo yake ulikuwa mkubwa kiasi cha kufidia yote hayo, na takwimu zote mbili za WAR zitamuunga mkono. Hapo ndipo tunapotofautiana yeye na mimi: yeye anaziamini takwimu hizo kwamba zimeipima kazi ya mdakaji yote, mimi naona kuipanga mipira na kuwaongoza warushaji bado kuko nje ya hesabu zao.