Kabla hujairudisha ruta yako dukani, angalia waya

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Muheza. Kanunua ruta yake mwenyewe, kaitoa ile ya kampuni, na intaneti imekuwa ya kukokota. Fundi kaja, kaangalia juujuu, kasema hizi ruta za madukani hazifai, arudishe yao. Damu ilinichemka, maana nami niliambiwa maneno hayohayo, tena kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu.

Mimi natengeneza video za harusi hapa Ngamiani. Tanga yetu mnaijua, wikendi haipiti bila shughuli, na maharusi wa siku hizi hawataki kusubiri fleshi. Wanataka kiungo wawatumie mashangazi wa Mombasa na Maskati usiku uleule. Faili la GB 20 kwa kifurushi changu cha Mbps 30, yaani megabiti 30 kwa sekunde, hupanda kwa saa moja na nusu hivi. Ikishuka Mbps 9 ni karibu saa tano, na hapo mama wa bibi harusi keshapiga simu mpaka chaji imekwisha.

Nyumba tunayokaa ni ya babu, kuta za mawe na chokaa, nene kiasi mtu anaweza kukaa dirishani akala chungwa lake kwa raha. Ruta ya kampuni ilikuwa sebuleni, chumba changu cha kazi kiko uani. Mawimbi ya waifai ya GHz 5 yalikuwa yanafia ukuta wa pili, ya GHz 2.4 yanafika hoi. Ndiyo nikanunua ruta yangu niiweke uani, na fundi wa kampuni akavuta waya kutoka kwenye kisanduku cha faiba, akaupitisha nje chini ya bati, akabana vichwa vya waya mwenyewe. Nikampa na hela ya soda.

Tangu siku ile spidi ikawa 9.4. Asubuhi 9.4, usiku 9.4, alfajiri watu wote wamelala 9.4. Nikampigia. "Ruta yako hiyo, kaka. Rudisha yetu."

Sasa fikirini. Mtandao ukisongwa na watu, spidi huyumba: saa mbili usiku inashuka, alfajiri inapanda. Namba iliyoganda pamoja ujue kuna mlango mwembamba mahali. Nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, kwenye hali ya tundu la WAN, lile linalopokea waya wa intaneti kutoka nje: Mbps 10. Basi! Ethaneti, yaani mawasiliano ya kupitia waya huo, ina ngazi zake za Mbps, 10, 100, 1000, na vifaa viwili vikikutana kwenye waya mbovu huweza kukubaliana ngazi ya chini kabisa. Kwenye hizo 10, ukitoa kinacholiwa na maelezo ya njiani yanayobandikwa kwenye kila kifurushi kidogo cha data, unabaki na 9.4 na ushee.

Nikauchomoa ule waya. Pini za kichwa cha upande wa nje zilikuwa zimeshaanza ukijani, hewa ya chumvi hiyo. Nikamenya uzi mmoja nikaukwangua kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani nyeupe pe. Alumini iliyopakwa shaba! Waya wa namna hiyo ni wa bei chee na ukipindwa pindwa unakatika kwa ndani, kwa nje huoni kitu. Nikanunua waya wa mtandao wa daraja la Cat5e, wa shaba tupu, nikaupitishia ndani. WAN ikasoma 1000, Mbps 30 zangu zikatimia, ruta ni ileile. Nikampigia fundi picha ya uzi uliokwanguliwa nikamtumia. Tiki mbili za buluu, na kimya mpaka leo.

Jamani, fulana yenye nembo si elimu. Watu wa pwani tuna heshima, mtu akija na begi la vifaa tunamtengea na chai, lakini heshima isikufumbe macho. Pima mwenyewe! Chomeka laptopu kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, upime spidi hapo. Ikiwa sawa, tatizo ni waifai: sogeza ruta, au kwenye GHz 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajajazana. Ikiwa mbovu hata kwa waya, angalia ngazi ya WAN kama nilivyofanya. Ukikuta 100 na kifurushi chako ni kikubwa kuliko hapo, hesabu nyuzi kwenye vichwa. Zinatakiwa zote nane zishike, nne hazikupeleki kwenye 1000. Ruta nyingine za zamani tundu lenyewe mwisho wake ni 100, hapo hakuna ujanja.

Zima pia VPN, ile njia ya siri ya kupitishia intaneti, na vile vichungi vya kugawa spidi ndani ya ruta, maana prosesa ndogo huzidiwa navyo. Na msigombane na kampuni kwa sababu faili linashuka kwa MB 3.7 kwa sekunde. Mbps 30 ndiyo hiyohiyo: MB ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gawa kwa 8.

Kuna siku kosa haliko kwako kabisa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima tulikuwa tunatazama duara likizunguka. Siku kama hizo usiguse chochote.

Ile ruta ya kampuni msiitupe. Ukipiga huduma kwa wateja, neno la kwanza watakwambia uifunge tena hiyo yao. Ifunge, tumia waya uleule unaoshuku na palepale uliposhuku, pima mbele yao. Ikiganda na yao, watafute cha kusema.